Mtoto wa Melpo Hana Jina

Jumatatu Safi, 3 Machi

Hakuna kazi leo. Thesaloniki nzima imetoka kwenda kurusha vishada na kula pweza kwenye nyasi. Kwaresima imeanza.

Mchana alikuja Melpo na mtoto wake. Mimi na Melpo tuliongoza wageni pamoja misimu mitatu, kabla hajaolewa na Iordanis wa banda la mishikaki. Mtoto ana miezi kumi, mnene, ana nywele za kuhesabika. Amekaa mapajani mwangu akinitafuna saa.

"Dada Loukia," akasema Melpo, "nataka wewe uwe mama wa ubatizo."

Nikakubali kabla sijafikiri. Nina miaka hamsini na miwili, sina mtoto, na nilidhani kazi yenyewe ni kununua mshumaa, msalaba na nguo nyeupe. Ubatizo ni Jumapili ya Tomaso, juma moja baada ya Pasaka.

"Na jina?" nikauliza.

Melpo akaanza kukusanya vitu vya mtoto. "Tutaongea," akasema.

Jumatano, 5 Machi

Upepo wa Vardari, ule baridi wa kaskazini, tangu alfajiri. Wageni tisa, wote na kofia za sufu, mmoja kofia imeruka hadi baharini.

Mzunguko wangu haubadiliki. Tunaanza kwa mikate ya duara yenye ufuta pale kwenye tao, tunakwenda kula bugatsa, ule mkate wa tabaka wa jibini, tunaingia sokoni Kapani kwa zeituni na halua, tunakula kome, kisha mishikaki kwa Mzee Prodromos, halafu kitu kitamu cha shira na kila mtu anakwenda kwake ameshika tumbo. Natia chumvi kidogo kwenye hadithi, kama waongozaji wote.

Mzee Prodromos ndiye baba wa Iordanis, yaani mkwe wa Melpo. Banda ni lake na lina jina lake, ingawa wateja humwita 'Prodrome', maana kwetu jina likiitwa hubadilika mwisho. Kila Kwaresima anafunga nyama, siku zote arobaini na zaidi, huku anaigeuza juu ya makaa kutwa nzima. Kwa kuwa hawezi kuonja, mimi ndiye ninayemwonjea. Ni mwaka wa tisa sasa.

"Chumvi?" akaniuliza.

"Ipo sawa."

"Nimesikia wewe ndiye mama wa ubatizo." Akaelekeza koleo juu, kwenye ubao wa mlangoni. "Basi jina unalijua. Babu yangu Prodromos, baba yangu Iordanis, mimi Prodromos, mwanangu Iordanis. Hesabu hiyo hata mbuzi anaiweza."

Akaniongezea mshikaki wa pili ambao sikuuomba. Huyu mzee anajipenda, nimelijua hilo siku nyingi. Picha yake iko ukutani mara nne.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua. Wageni wawili, mume na mke, hawasemezani. Kome hawakuwa na ladha.

Jumamosi, 8 Machi

Jumamosi ya Wafu. Melpo aliniletea ngano ya wafu kutoka kanisani, ina komamanga na sukari, kwenye kikaratasi. Nikala nikiwa nimesimama jikoni, yeye amekaa.

Ngano ilikuwa ya kaka yake, Achilleas. Alikufa kwa pikipiki kwenye barabara ya kuzunguka mji miaka sita iliyopita, akiwa na miaka kumi na tisa. Nilikwenda mazikoni. Namkumbuka mama yao, Marigo, alivyokuwa akiuliza watu kama wamekula.

"Nataka mtoto aitwe Achilleas," akasema Melpo. "Tangu siku ile mama hajalitamka jina mbele ya watu. Anasema 'yule', anasema 'mwanangu'. Nataka aliite, na mtu aitike."

"Na mzee?"

"Mzee anataka lake."

"Iordanis anasemaje?"

"Anasema vyovyote."

"Vyovyote ni jina gani?"

Akacheka, kisha akalia, kisha akajipangusa. Mtoto mwingine hatakuwepo. Madaktari walimwambia siku aliyojifungua, na ukweli huo wote wawili wanaujua, yeye na mzee. Jina litakalosemwa safari hii ndilo hilo.

Na atakayelisema ni mimi. Kwetu wazazi hukaa kimya kanisani. Padri humuuliza mama wa ubatizo, na anachojibu ndicho mtoto anachokuwa. Mpaka hapo anaitwa tu "mtoto", na watu wenye adabu hawalitaji jina kabla ya hapo.

Sasa naelewa kwa nini nilichaguliwa. Kila upande unadhani mimi ni wake.

Jumanne, 11 Machi

Wageni sita. Nikamchukua Mzee Prodromos pembeni, nikamwambia kwa upole, mtoto apewe majina mawili, Prodromos Achilleas, au kinyume chake.

"Mawili!" akasema. "La kwanza linaitwa, la pili linaliwa na karatasi. Umeshaona mama anatoa kichwa dirishani anaita majina mawili? Chakula kitapoa."

"Basi mzee, wewe utaamua lipi litangulie?"

"Langu." Kisha akashusha sauti. "Sikiliza, binti. Jina la kijana aliyekufa na miaka kumi na tisa? Utambandika mtoto kitu kama hicho?" Akatema mate kidogo mara tatu kifuani mwake, kufukuza mkosi. "Jina lina njia yake. Langu limefika miaka sabini na nne na bado linatembea. Chumvi?"

"Imepungua."

Imani hiyo ya jina la aliyekufa kijana hata bibi yangu alikuwa nayo. Sikumbishia.

Ijumaa, 14 Machi

Bugatsa imeungua, nikawaambia wageni ndivyo inavyopendwa huku. Wakaipenda.

Jumatano, 19 Machi

Nilikutana na Iordanis sokoni akinunua vitunguu. Nikamwuliza mwenyewe anataka nini, kwa kuwa ni baba.

"Dada Loukia, mimi nikiwa nyumbani ni Achilleas, nikiwa kazini ni Prodromos. Nikiwa barabarani nashukuru Mungu."

Mwanaume mzima. Lakini nilipomtazama nikaona amekonda.

Jumanne, 25 Machi

Sikukuu. Gwaride, bendera, na mji mzima unanuka samaki wa chumvi na kitunguu saumu. Wageni kumi na wawili, wengi mno.

Tulipofika kwa Mzee Prodromos, Melpo alikuwepo na mtoto mgongoni, na walikuwa wameshaanza. Sijui nani alianza. Wateja walikuwa wameacha kutafuna.

"Ni mjukuu wangu!" mzee anasema. "Damu yangu! Nitakufa na ubao huu utabaki na jina la nani?"

"Ubao ni ubao, baba! Mimi nina mama anayezungumza na picha!"

"Na mimi nifanye nini? Nimuue mjukuu wangu aliye hai nimfufue kaka yako?"

Hapo Melpo akamkaza mtoto mgongoni. Iordanis akageukia makaa na kuyachochea ingawa yalikuwa yamewaka vizuri. Wageni wangu wakaniuliza wanagombania nini, na mama mmoja mwenye miwani mikubwa tayari alikuwa ameshika kifua. Nikasema wanabishana nyama iive kiasi gani.

Wakaonja, wakajadiliana. Mama wa miwani akaniomba nimwambie binti kwamba mzee ndiye aliye sahihi, nyama iko safi kabisa.

"Anasemaje?" Melpo akaniuliza.

"Anasema nyama ni tamu."

Melpo akanifuata hadi kona. Alikuwa mtulivu, na utulivu huo sikuupenda. "Ukisema la mzee, dada, nitalisikia. Sitagombana kanisani. Lakini sitaliita. Kwangu atakuwa 'mtoto' mpaka siku atakayooa, na mimi na Iordanis tutaona kama tutafika siku hiyo."

Nimerudi nyumbani kichwa kinanigonga. Sikuomba haya.

Jumatano, 2 Aprili

Nilimpigia Melpo kumwambia atafute mwingine. Mimi ni mtu wa kuonyesha watu chakula na kuwarudisha hotelini salama. Nilikuwa nimeandaa maneno mazuri kabisa.

"Kukataa kubatiza ni dhambi," akasema.

"Melpo, wewe kanisani unakwenda mara mbili kwa mwaka."

"Hata asiyekwenda kabisa anajua hilo."

Kweli, hata mimi nalijua.

Alhamisi, 3 Aprili

Ukungu, bahari haionekani. Wageni watano.

Jumanne, 8 Aprili

Leo nilifika bandani mapema, wageni wakiwa bado wanapiga picha samaki. Mzee Prodromos alikuwa amekaa juu ya kreti, mtoto amesimama kati ya magoti yake na kumvuta masharubu kwa mikono miwili. Mzee machozi yanamtoka kwa maumivu na hamzuii.

"Bwana amekula?" anamwuliza. "Bwana amelala vizuri? Bwana ana hasira na mimi?"

Nikasimama nyuma ya nguzo. Nilitaka kusikia kama atamwita jina. Nilikuwa na hakika anamwita, wakiwa peke yao, na nikitaka kusema ukweli nilitaka kumfumania. Hakumwita. Dakika nzima, bwana hivi, bwana vile. Jina analolitaka kuliko kitu chochote liko kwenye ncha ya ulimi wake, mtoto ni wake, hakuna mtu karibu, na bado analisubiri lisemwe kwanza na mtu mwingine, kama inavyotakiwa.

Nilikuwa nimemweka kwenye kundi la wazee wenye majivuno na kufunga hesabu. Leo nimemtoa humo, sijajua nimweke wapi.

Jumapili ya Matawi, 13 Aprili

Samaki wanaruhusiwa. Mji umekula kwa pamoja kama jeshi.

Jumatano Kuu, 16 Aprili

Wageni wanne. Nyama ilikuwa na chumvi mno, nikamwambia. Mzee akatingisha kichwa tu. Hakuniuliza jambo lolote, hakuniongezea mshikaki. Melpo naye hapigi simu. Wote wananiachia.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Kengele za msiba kutwa. Nimekaa ndani.

Jumamosi Kuu, 19 Aprili

Asubuhi nilikuwa Kapani kununua mayai ya kutia rangi. Soko limefurika, damu ya kondoo sakafuni, kila mtu anasukuma. Mkono ukanishika kiwiko. Mzee Prodromos, na mfuko wa matumbo ya kondoo ya kuzungushia maini kesho.

"Njoo hapa."

Akanivuta hadi nyuma ya meza ya muuza utumbo, ambaye alituangalia mara moja na kuendelea na kisu chake.

"Jana nilikwenda makaburini kwa mke wangu," akasema. "Ijumaa Kuu wote tunakwenda, unajua. Nimeweka maua yangu, nimewasha taa, nageuka kuondoka, nasikia mtu anaita. 'Achillea! Achillea!' Kwa sauti. Nikasema hapa pana kijana anaitwa na mama yake, wamepotezana. Nikatafuta kwa macho. Ni Marigo, Loukia. Amekaa kwenye ukingo wa marumaru, mgongo kwangu, amebeba chupa ya maji na kitambaa, anasugua jiwe na kumwita kama unavyomwita mtu aje mezani. Anaita, ananyamaza kidogo, anasugua. Anaita tena."

"Alikuona?"

"Nilijificha nyuma ya mti. Mimi! Kama mwizi." Akahamisha mfuko mkono wa pili. "Mimi jina langu wanaliita kutwa. Prodrome, miwili bila kitunguu! Prodrome, ongeza mkate! Liko mlangoni, liko kwenye mifuko ya karatasi, liko kwenye bili ya umeme. La yule kijana liko kwenye jiwe tu."

Akamtazama muuza utumbo, kisha akanitazama mimi.

"Utasema Achilleas," akasema.

"Umeshamwambia Melpo?"

"Humwambii Melpo! Humwambii mtu. Utasema Achilleas, na mimi nitakasirika. Nitakasirika vizuri, nitatoka nje."

"Ukasirike kwa nini, mzee, na wewe ndiye uliyesema?"

"Kwa sababu ndugu zangu wanakuja kutoka Veria, basi zima. Wakiniona nimekaa kimya watasema Prodromos amezeeka, mkwe wake amemweka mfukoni. Na wataanza kumla Melpo nyama, yeye na mama yake, miaka na miaka. Lakini nikikasirika, watasema kosa ni la mama wa ubatizo, mjinga, amevuruga jina."

"Kwa hiyo mjinga ni mimi."

"Wewe si ndugu yao. Watakusahau."

Muuza utumbo akacheka bila kuinua kichwa. Na mimi nikacheka. Tukapeana mikono, wa kwake ukiwa na majimaji ya kondoo.

Pasaka, 20 Aprili

Tuligonganisha mayai, na langu jekundu liliyavunja yote mezani kwa dada yangu. Ni bahati ya mwaka, wanasema.

Jumatano, 23 Aprili

Wageni wanane, jua, koti nimeliacha nyumbani. Mfungo umekwisha, kwa hiyo mzee sasa anaonja mwenyewe. Nilisimama pale mbele yake nikisubiri kuulizwa, nikajiona kama mtu aliyesahauliwa kituoni.

Wateja walipogeuka, akanikunjia uso kwa hasira kubwa ya kutisha, kisha akaniinulia nyusi. Alikuwa anafanya mazoezi.

Ijumaa, 25 Aprili

Nimenunua mshumaa, msalaba, nguo nyeupe. Melpo alikuja kuvichukua. Hakuuliza. Alisimama mlangoni muda mrefu, akaniambia nguo ni nzuri.

Jumapili ya Tomaso, 27 Aprili

Niandike kama ilivyokuwa.

Kanisa ni dogo, lile la mtaa wa juu. Kushoto walikaa watu wa Melpo, wachache, Marigo kati yao na gauni jeusi. Kulia na nyuma kote walijaa watu wa Veria, wanaume wenye shingo nene, na wote wana pua ya Mzee Prodromos. Yeye mwenyewe alisimama mwisho kabisa karibu na mlango, suti ya kahawia, tai imemkaba. Nilielewa kwa nini amechagua kusimama pale, ili njia ya kutoka na hasira yake iwe fupi.

Nilimkana shetani na kutema mate kuelekea magharibi. Nilisoma kanuni ya imani bila kukosea. Mtoto alikuwa mikononi mwangu, mzito, ananitazama kidevu. Padri ni kijana mwenye mafua. Akapiga chafya, akaomba radhi, akanigeukia.

"Jina?"

Nilikuwa na neno moja la kusema. Kazi yangu ni kusema, miaka ishirini nasema bila kukauka mate, kwenye mvua, kwenye kelele za magari. Nikainua macho nimtazame mzee mara moja tu. Alikuwa ameshaanza kukunja uso kabla ya wakati, nyusi chini, midomo imebanwa, na chini ya hasira ile yote ya kujitengenezea nikaona mzee wa miaka sabini na nne anayesubiri kulisikia jina lake linampita.

Nikamwonea huruma, huruma ya kweli. Hakuna mjukuu mwingine atakayekuja. Na mtu wa kumpa alikuwa ni mimi, pale, kwa pumzi moja. Prodromos. Nililiona likinijia mdomoni. Nilijua niliahidi nini, nilijua Melpo amesimama upande gani na ameshika nini moyoni. Nilijua yote na sikuweza kutamka lolote.

"Jina, mama?" padri akarudia.

Mtu akakohoa. Iordanis akashika ukingo wa kiti.

"Achilleas!"

Ilikuwa sauti ya mtu aliyezoea kupiga kelele juu ya makaa na magari. Kanisa zima likageuka.

"Achilleas, Loukia! Achilleas! Umekuwa bubu?"

Kisha mzee akajiziba mdomo kwa mkono. Alikuwa mwekundu hadi masikioni.

"Prodrome," akasema kaka yake wa Veria, polepole, "ni wewe?"

Padri akapangusa pua. "Mzee, hujaulizwa wewe. Mama?"

"Achilleas," nikasema.

Akaliandika kichwani, akaendelea na kazi yake. Mtoto alizamishwa mara tatu na kila alipoibuka alipiga mayowe, na mafuta yaliniteleza mikononi nikadhani nitamwangusha. Nilipomfunga taulo, Marigo alikuwa ameshafika mbele, hakuna aliyemwona anavyopita. Akaweka uso karibu na wa mtoto. "Achillea," akasema. Mtoto akanyamaza kumtazama, kisha akaendelea kulia kwa nguvu zaidi. "Achillea, Achillea, basi, yameisha."

Nilimtafuta Melpo nikidhani yuko kwa mama yake. Alikuwa amekwenda nyuma, anapasua katikati ya watu wa Veria, hadi mlangoni.

"Usinishike," mzee akawa anasema, "nimekasirika. Melpo, niache, watu wanaona, nimekasirika." Na alikuwa analia hadharani kama mtoto, na Melpo amemkumbatia na suti yake na kila kitu.

Chakula kilikuwa kingi. Watu wa Veria walikula kimya mwanzoni, kisha wakasahau, wakaimba.

Jumatatu, 28 Aprili

Siku yangu ya mapumziko, lakini nilipita bandani mchana. Foleni ilikuwa hadi barabarani. Iordanis alinisalimia kwa kichwa, anakata nyanya, anapiga mluzi. Sikuwahi kumsikia akipiga mluzi.

Mzee Prodromos akanisukumia kreti nikae, akabaki amesimama anageuza mishikaki. Foleni ikapungua.

"Tulipatana," akasema mwishowe. "Neno moja. Kwa nini ulinyamaza?"

Ningeweza kusema niliogopa watu, au padri alinichanganya na chafya zake. Nikamwambia ukweli.

"Nilitaka kusema lako."

Akageuza mshikaki mmoja, akageuza wa pili.

"Nilijua," akasema. "Nilikuona. Na nililitaka, Loukia. Ndiyo maana nikapiga kelele kabla hujalisema."